Je, Gari Halipigi Hodi?

Ndugu msomaji, sisi watu wa mwambao tuna jambo moja tunalojivunia mbele ya watu wote, nalo ni adabu ya kuingia nyumba ya mtu. Mtoto wetu hajajua kuhesabu mpaka kumi, amekwisha jua kusimama kando ya mlango, si mkabala nao, akapiga hodi mara tatu, na asipojibiwa akarejea alikotoka. Mtu akivuka kizingiti bila ya hodi twamwita hana adabu, na wazazi wake tunawatia ndani ya maneno hayo hayo. Sawa. Mimi siyapingi hayo, nami nimelelewa hivyo hivyo.

Lakini mtu huyu huyu mtieni ndani ya gari, mpeni safari ya bara, kisha mtazameni atakapofika mji wa watu na kutaka kusimama. Hodi imekwenda wapi? Hamwulizi mtu. Hatazami kama hapo ni mlangoni mwa mtu, au ni mahali pa biashara ya mtu, au ni njia ya kupitishia wagonjwa na maiti. Aona uwazi, aingiza gari, azima moto, atia ufunguo mfukoni, akaenda zake. Na akiulizwa jibu lake li tayari mdomoni: "Mimi mgeni hapa." Kana kwamba ugeni ni ruhusa! Kwa baba zetu ugeni ulikuwa ndiyo sababu ya kuuliza. Leo umekuwa ndiyo sababu ya kutouliza.

Nataka nieleze niliyoyaona Kilosa na Mikumi, na nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, asije mtu akasema kwamba naandika habari za wengine.

Mfunguo Pili uliopita tulitoka Tanga kwenda kuoza Kilosa. Tulikuwa na Kosta moja na magari madogo matatu, tukapita Segera, Chalinze, Morogoro na Dumila, tukaingia mjini alasiri. Kilosa, kwa asiyeijua, ni mji wa reli ya kati ya tangu zama za Mjerumani, umekaa bondeni karibu na mto Mkondoa, mto ambao mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ulifurika ukabomoa nyumba za maelfu ya watu na kuing'oa reli yenyewe. Watu wake ni wakarimu mno. Walitupokea kwa maji baridi na madafu ambayo sijui wameyapata wapi bara kule. Nyumba ya arusi ilikuwa katika mtaa mwembamba nyuma ya soko, mtaa wa kupita gari moja tu, nalo lipite kwa heshima. Sisi tukayapanga magari yetu manne humo humo, moja nyuma ya jingine kama tasbihi, milango ya watu tukaiachia upenyo wa kupita mtu mmoja. Nani alituambia tuweke hapo? Hakuna. Tulimwuliza nani? Hatukuuliza.

Baada ya Isha, maulidi yamepamba moto, ikaja bajaji mwanzo wa mtaa ikakwama. Ilikuwa imeitwa nyumba ya tano kutoka kwa arusi, kumchukua mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Ikapigwa honi, nani wa kuisikia? Mwishowe kijana mmoja akaja akanong'ona, na kipaza sauti cha maulidi kikatumika kumtafuta mwenye Kosta. Dereva wetu alikuwa amelala nyumba nyingine kabisa, mtaa wa tatu, na ufunguo u chini ya mto wake. Hata alipopatikana, yule mwanamke alikuwa amekwisha pita kwa miguu, ameshikwa na wanawake wawili, anakwenda ubavuubavu baina ya magari yetu na kuta za majirani zake. Mwenye mimba ya miezi tisa apita ubavu! Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kanzu yangu nyeupe na sahani ya pilau mkononi. Mama yake alipopita mbele yangu hakunitukana. Alisema tu, "Poleni wageni, hamjui mji."

Wallahi angenitukana ingekuwa nafuu.

Asubuhi tukaambiwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Mwenzangu mmoja akasema, "Si unaona? Yamekwisha salama." Nikamjibu kwamba usalama ule haukuwa kazi yetu. Sisi tulifanya kila liwezekanalo usipatikane, na Mwenyezi Mungu akataka upatikane. Akakasirika. Ndiyo maana nasema jambo hili si dogo. Mtu akiambiwa kosa la gari lake hukasirika kuliko akiambiwa kosa la sala yake.

Basi tuliporudi tukapitia njia ya Mikumi, kwa kuwa vijana walitaka kuwaona ndovu. Njia hiyo yapita kijiji kiitwacho Ulaya, na vijana wakacheka sana kwamba wamefika Ulaya bila ya pasi. Tukaingia Mikumi mjini kwenye saa kumi na moja ya jioni. Na Mikumi, ndugu msomaji, si mji mkubwa, lakini saa hiyo utadhani uko katikati ya Dar es Salaam. Hapo ndipo yapitapo magari yote ya Iringa, Mbeya, Songea na Zambia, na malori ya Kongo yatokayo bandarini. Hapo ndipo ichepukapo njia ya Kidatu na Ifakara, na ya Kilosa pia. Kila mtu ni mgeni, kila mtu ana njaa, kila mtu ataka kusimama mbele ya mlango wa mahali anapokula. Wenyeji ni kama wamekaa ukingoni mwa mto usiokauka wa magari.

Dereva wetu akaona uwazi chini ya mwarobaini, pana matofali mawili na ubao umeegemezwa mtini. Akaingiza Kosta hapo. Tukashuka, tukatafuta maji, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukala. Tuliporudi tukamkuta mama mmoja ameketi juu ya ndoo, nyuma ya gari letu, beseni la nyanya na vitunguu limefunikwa kanga pembeni yake. Alikuwa akitungoja. Uwazi ule ulikuwa ndio genge lake, na ubao ule ndio meza yake, na saa ile tuliyokuwa tunakula ndiyo saa ya mabasi yake. Yalikuwa yamekwisha pita.

Dereva akasema, kama wasemavyo madereva, "Sasa mama, si ungetuambia?"

Akajibu, "Ningemwambia nani, baba? Gari halina masikio."

Tulinunua nyanya zake, ndiyo, tena nyingi kuliko haja yetu, nazo zikapondeka zote kabla ya Morogoro. Lakini kununua kwa haya si kurudisha haki. Nami tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mama yule alikuwa na haki gani mahali pale? Ardhi si yake. Hana hati. Hana hata kibanda. Nikaenda kutazama yaliyoandikwa, na yaliyonikuta ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Imam Nawawi, katika Minhaj yake, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma vizazi na vizazi, ameeleza kwamba manufaa ya asili ya njia ni kupita. Mtu aweza kukaa njiani kwa kupumzika au kwa biashara, wala hana haja ya idhini ya mtawala, lakini kwa sharti moja: asiwabane wapitao. Hayo ya kwanza. La pili ndilo lililonishangaza. Asema kwamba mwenye kukaa mahali kwa biashara, akiondoka kwa nia ya kurejea, haki yake ya mahali pale haitoki, isipokuwa awe ameghibu muda mrefu hata wanunuzi wake wakamwacha wakamzoea mwingine. Soma tena, ndugu yangu. Mama aliyekwenda nyumbani kuchukua nyanya na kuacha ubao wake chini ya mwarobaini, haki yake i palepale, kwa madhehebu ya Shafi unayoifuata wewe na mimi. Na sisi tuliomkalia mahali pake kwa tani kadhaa za chuma tulikuwa wavamizi, na wudhu zetu mwilini.

Huenda akatokea mtu akasema, "Barabara na pembezoni mwake ni mali ya serikali, si ya mama nyanya." Naam, ni ya serikali, basi na wewe si serikali. Hoja hiyo ikimwondoa mama, yakuondoa na wewe vilevile. Twashangaa kwamba watu huikumbuka serikali wakati wa kumfukuza mnyonge tu. Gari lao likisimama penye alama ya kukatazwa, serikali huwa imesahauliwa.

Mwingine atasema, "Dakika tano tu." Ah, dakika tano! Hakuna uwongo uliozoeleka barabarani kama huu. Dakika tano za nani? Za mwenye kula au za mwenye kungoja? Tena Mikumi dakika tano zako hufuatwa na dakika tano za lori, nazo hufuatwa na dakika tano za basi, na mwenyeji hana hata dakika moja ya kufungua mlango wake tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Kila mgeni ahisabu dakika zake peke yake. Mwenyeji ndiye azijumlishaye.

Na wa tatu ndiye ninayetaka kushindana naye hasa, kwa kuwa yeye asema kwa jina la dini. Huyu asema, "Nilikuwa msikitini." Nimewaona kwa macho yangu, siku nyingine, Ijumaa, wasafiri wa pwani wameziba njia nzima ya msikiti mmoja wa mji wa bara, magari yamepandiana, mzee mwenyeji aja na baiskeli yake hana pa kupita. Wakiulizwa wasema ni Ijumaa. Ndugu zangu, msafiri hawajibikiwi na sala ya Ijumaa! Amesamehewa, apunguze sala zake na azikusanye aende zake. Akitaka kuihudhuria ni kheri kubwa, hapana amkatazaye, lakini hawezi kuifanya kheri asiyolazimishwa iwe ni udhuru wa madhara aliyokatazwa. Na ngoja nikwambie zaidi. Vitabu vya Kishafi vyachukiza mtu kuswali njiani, penye mapito ya watu, na katika orodha hiyo hiyo vyataja mahali wanapopumzishwa ngamia. Tazama jinsi wanazuoni wale walivyozijua njia na vituo vya wasafiri! Ikiwa sala yenyewe, ambayo ni nguzo, yachukizwa kuwekwa katika mapito ya watu, Kosta tupu iliyozimwa moto itapata ubora gani wa kuwekwa hapo? Na kuhusu ardhi ya kunyang'anya, jamhuri ya wanazuoni wasema sala ya mtu yasihi lakini ana dhambi, na Imam Ahmad kwa kauli iliyo mashuhuri kwake aona hata haisihi. Sisemi kwamba gari ni sala. Nasema watu waliosoma mambo hayo hawakuona kwamba mahali pa kusimama ni jambo la kupuuzwa.

Na Hadithi ya haki ya njia nani asiyeijua? Amepokea Abu Said al-Khudri, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Waliposema hawana budi na vikao vyao, akawataka waipe njia haki yake, na katika haki alizozihisabu ni kuzuia maudhi. Tunaisoma misikitini. Tunaisoma kwa ajili ya vijana wanaokaa barazani na kuwatazama wasichana. Siku moja tuisome kwa ajili ya magari.

Nimekwisha sema nimejishitaki mwenyewe, sasa niruhusuni niwashitaki na wengine.

Mtazameni utingo wa lori. Lori limesimama kwenye mteremko, ateremka mbio, aokota jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, alitia chini ya gurudumu. Vyema, ni kazi yake. Wakimaliza kula dereva apiga honi, utingo aruka ndani, lori laondoka. Jiwe je? Jiwe labaki barabarani. Usiku huja bodaboda na mtu na mkewe. Mimi nimeshuka mara mbili baina ya Mikumi na Doma kuyaondoa mawe ya namna hii, na mara ya pili utingo mwenyewe alikuwa bado yupo, akanicheka, akasema, "Mzee, hilo tutalihitaji tukirudi." Wakirudi! Wanakwenda Lubumbashi! Na matawi ya miti nayo ni hivyo hivyo. Gari laharibika, wakata matawi wayatandaza nyuma kuwa alama, gari likitengenezwa waenda zao, matawi wayaachia umande. Sisi tunaofundishwa kwamba kuondoa kero njiani ni tawi la imani, hatuoni kwamba mwenye kuiweka kero na kuiacha yuko upande gani wa mti huo?

Na linalonitisha kuliko yote ni malori ya mafuta. Mikumi jioni utayaona yamesimama hatua chache tu kutoka kwenye majiko ya mkaa, mahali pachomwapo nyama na kukaangwa chipsi, na watoto wapita chini ya matela wakiuza mayai ya kuchemsha. Dereva amekaribia pale kwa sababu ataka kuliona gari lake akiwa anakula. Je, tumekwisha isahau Msamvu? Tarehe 10 Agosti 2019, hapo hapo Morogoro mjini, mkoa huu huu, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Sitaki kusema kwamba mambo yalikuwa sawasawa. Kule lilipinduka, na huku limesimama. Lakini petroli ni ile ile, nayo haisomi saa. Mwenye kulala nyuma ya ukuta wa udongo hatua kumi kutoka hapo, na wanawe, aliulizwa? Gari lilipiga hodi kwake?

Wasomi wetu wa zamani walipozungumza juu ya mtu anayemfunga mnyama wake njiani, wako waliomtwika dhamana ya kila atakachokiharibu mnyama yule, kwa sababu ruhusa ya kutumia njia ina sharti la salama. Walikuwa wakizungumza juu ya punda, ndugu msomaji.

Mkatoke Mikumi mjini muelekee Morogoro mtaingia hifadhini, mbuga iliyotengwa 1964, na barabara kuu yapita ndani yake kiasi cha kilomita 50. Huko kuna jambo la kuchekesha kama halingekuwa la kusikitisha. Kuna vibao vyenye orodha ya faini, mnyama kwa mnyama: ukigonga huyu utalipa hiki, ukigonga yule utalipa kile. Basi hapo watu wote wana adabu! Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na dereva aliyekuwa akiruka kama panzi sasa aenda kama bwana arusi. Isipokuwa mahali pamoja: akitokea ndovu, magari husimama popote pale, katikati ya njia, juu ya kona, watu wote waelekeze simu dirishani, na mikate yatupwa nje kwa nyani. Nyani wale wamekwisha jifunza. Wakaa kando ya lami kungoja magari yasimame, na wengi hufa hapo hapo chini ya magurudumu ya gari la nyuma. Vijana wetu walitupa maganda ya ndizi, nami sikuwahi kuwakataza. Nilikuwa natazama ndovu.

Lakini nilitaka kusema juu ya vibao. Pundamilia ana bei yake imeandikwa, kila mtu aiona, kila mtu aiogopa. Mama wa nyanya hakuandikwa popote. Ndipo ninapoulizia: adabu yetu ni ya kuogopa bei, au ni ya kuogopa dhuluma? Na jawabu nalijua, kwa sababu nimeishi Kariakoo. Kariakoo mtu wetu huyu huyu huzunguka nusu saa akitafuta pa kuliacha gari, avuka mtaa mmoja na mwingine, na akipata alipa ushuru wake kwa TARURA kwa simu na kuihifadhi risiti kama hirizi. Mbona ni mpole hivyo? Kwa sababu Kariakoo kuna mnyororo wa gurudumu, na kuna gari la kuburuta. Aogopa mnyororo. Akifika Mikumi hauoni mnyororo, basi na uungwana wake wote wabaki Kariakoo.

Na hata huo ushuru, tusidanganyane. Kulipa ushuru ni kununua mahali pa gari lako. Hukununua mlango wa mtu, wala njia ya mgonjwa. Mtu mmoja aliniambia, "Mimi nimelipa, nakaa nipendapo." Hata hotelini umelipa, je, walala kitanda cha jirani?

Kuna waulizao, na swali lao ni la haki: "Wenyeji nao mbona hawatengenezi viwanja vya magari?" Naam. Wanaochukua ushuru wa mabasi na malori katika miji ya njiani wana wajibu wa kuyatafutia mahali, pa malori mbali na nyumba na mbali na moto, tena penye vyoo. Hili ni deni lao na wataulizwa. Lakini upungufu wa mwenyeji haumpi mgeni ruhusa ya kumbomolea ukuta.

Wala hili halikuanza na injini. Bonde hili la Mkondoa ndiyo njia iliyopita misafara ya babu zetu karne ya kumi na tisa, watokao Bagamoyo na Saadani, wakipanda Usagara kuelekea Mpwapwa, Ugogo na Tabora. Sitaki kuisifu misafara hiyo. Baadhi ya yaliyokuwamo, na watu waliofungwa humo, yatutia haya hata leo. Lakini hata wao walijua kwamba nchi ina mwenyewe. Kulikuwa na hongo, na neno hilo wakati ule halikuwa rushwa kama tulisemavyo leo. Ilikuwa ni haki ya mwenye nchi kwa mwenye kupita, nguo na shanga, hasa huko Ugogo, na msafara haukupata maji wala mahali pa kupiga kambi mpaka umtambue mwenye mahali. Walinung'unika, walibishana siku tatu kwa doti moja, lakini walibishana na mtu. Walijua yuko mtu.

Na kwetu je? Waulizeni watu wa Mji Mkongwe Unguja, au wa Mji wa Kale Mombasa, wanasemaje sikukuu magari ya wageni yanapojaa mpaka vizingitini. Wanasema maneno makali, nami naona ni haki yao. Basi yale maneno yao na yatiwe katika bahasha yatumwe Kilosa, maana yatufaa sisi.

Wanaofanya arusi nina neno nao moja la manufaa. Arusi yetu ina mtu wa pilau, mtu wa maji, mtu wa vyombo, mtu wa kupokea wageni, hata mtu wa kufukiza udi. Haina mtu wa magari. Chagueni kijana mwenyeji wa mtaa, anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina mwenye mimba, awapeleke wageni kwenye uwanja wa shule au wa mpira, na funguo zote akae nazo yeye pale pale. Wageni wakitembea hatua mia mbili kwa miguu hawatakufa, na kanzu huonekana vizuri zaidi ikitembezwa. Gharama yake ni sahani moja ya pilau.

Nyumba ile ile ya Kilosa ina arusi ya pili Mfunguo Tatu, nasi tumealikwa. Nimekwisha mwandikia mwenyeji wetu kumwuliza Kosta tuliache wapi. Amenijibu kwa kicheko kwamba hilo si la kuandikiana, nije tu, kwani wao wana njia nyeupe na mioyo mieupe. Nimemwandikia tena.